Msanapichi Hauondoki

Mwezi wa saba Dodoma upepo unavuma mpaka kuku wanatembea upande upande, na msanapichi wa Bi Mwanamvua ulikuwa umesimama uchi kama desturi yake ya kila kiangazi. Hauna jani, hauna ua, matawi manene ya kijivu yamekaa hewani kama vidole vilivyovimba. Anayeujua haulizi kitu. Asiyeujua anasema umekufa. Amiri mwanawe alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano siku mama yake alipoupanda, ameukuta kila kiangazi uko vilevile, na bado Jumapili ile aliingia uwanjani, akaushika kiuno, akauinamia, akasema umekufa.

Hakuja peke yake. Alikuja na fundi Meshack, mwenye karakana ya matofali kule chini Kizota, amebeba futi ya chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Futi ya nini? Nani kafa, mnapima kaburi?"

"Mama, jamani! Tunapima uwanja. Tunataka tuweke pevingi kwa ajili ya harusi ya Salwa. Wakwe wanatoka Tanga, hatuwezi kuwakalisha kwenye vumbi."

Bi Mwanamvua alikuwa kwenye kigoda chake, anachambua mchele, na kuchambua kwenyewe ni kwa vidole tu, maana jicho la kulia lilikuwa na ukungu mwaka wa pili sasa, na la kushoto linachoka upesi. Akaweka ungo chini. Salwa ni binti wa Amiri, mjukuu wake wa kwanza, na ilishakubaliwa kwamba bibi harusi atatolewa kwenye nyumba ya bibi yake, kwa sababu Amiri, pamoja na uafisa ugavi wake wa wizarani, anakaa kwenye flati ambayo hata kamba ya nguo anagombea na jirani.

"Pevingi wekeni," akasema. "Mtauzunguka mti."

Amiri akamtazama Meshack. Meshack akatazama futi.

"Mama, hapo ndipo nguzo ya katikati ya tenti inapokaa. Halafu mti wenyewe umekufa. Utazame."

"Wewe ndiye mwenye macho mawili, ukautazame wewe." Akanyanyuka, akachukua kisu cha jikoni, akapapasa tawi mpaka akalipata, akalichoma kidogo. Maziwa yakatoka palepale, meupe, mazito, yakachuruzika mpaka kwenye kiganja chake. Akamwonyesha mwanawe kiganja. "Maiti gani huyu anatoa maziwa? Umelala. Ukilala wewe huwa tunakuzika?"

Meshack alicheka, kisha akaona bosi wake hacheki, akakohoa.

Basi Amiri akatoa lile alilokuwa amelificha tangu mwanzo. Wakwe ni watu wa pwani, akasema. Kwao msanapichi unapandwa makaburini. Mama yake bwana harusi atashuka kwenye gari, kitu cha kwanza atakachokiona ni mti wa makaburini mlangoni kwa bibi harusi. Watasemaje?

"Watasema shikamoo," akajibu Bi Mwanamvua. "Kama wamefunzwa."

Habari ya makaburi haikuwa ngeni kwake. Alishaisikia kwa majirani, kwa wapangaji, hata kwa wanawake wenzake wa maulidi, kwamba Bi Mvua anaotesha makaburi nyumbani. Hakuwahi kujitetea. Yeye alikuwa na mti wake na alijua ulikotoka.

Ulitoka Kongwa. Huko ndiko alikozaliwa, mwaka ambao Wazungu wa karanga walikuwa wanafunga virago baada ya shamba lao kuwashinda. Baba yake, mzee Anuari, mtu wa ukoo wa Ujiji, wale ambao babu zao walifika mjini Dodoma na mizigo ya watu kichwani wasirudi tena, aliajiriwa alinde vilivyobaki. Alilinda matrekta yasiyowaka na nyumba zisizo na watu. Mwanamvua alikulia humo, anacheza kwenye vyumba vya mabibi wa kizungu ambavyo mabati yake yalikuwa yanapungua kila mwezi, baba yake alinde asilinde. Mabati yaliondoka, milango ikaondoka, kuta zikalala chini. Kilichobaki kimesimama mbele ya kila kizingiti kilikuwa ni msanapichi. Hakuna aliyeumwagilia maji. Na kila mvua zilipokaribia, kabla hata wingu halijaonekana, ulichanua wenyewe, maua meupe yenye kiini cha njano, ukanukia nyumba nzima ambayo haipo. Kwa hiyo yeye tangu mtoto aliujua kuwa ni mti wa mlangoni. Kama watu wa makaburini waliuazima, hilo ni lao.

Aliolewa mjini na fundi cherehani, akasoma ngumbaru miezi minane, akatoka anajua kuandika jina lake na kusoma la mwenzake, akaona inatosha. Mume akafa mapema. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji zake wakakaa kikao barazani, wakatoka na uamuzi kwamba mwanamke hakai na nyumba peke yake. Afunge mizigo waende naye Tabora akatunzwe. Bi Mwanamvua aliwapikia, akawapakulia, walipomaliza kula akawaambia gari la Tabora linaondoka alfajiri na yeye atawasindikiza mpaka stesheni. Mwaka uliofuata akaenda Kongwa kumzika baba yake, na wakati wa kurudi akakata tawi moja mbele ya kizingiti, akalifunga kwenye kanga kama mtoto. Akalilaza chini ya kitanda wiki mbili likauke kidonda. Kisha akachukua sururu, na ardhi ya Kizota wakati wa kiangazi mnaijua, akachimba siku mbili.

Kila kitu kingine kwenye nyumba ile kuna mtu alimpa, au alimruhusu, au alimshauri. Mti ule hakuna. Ndiyo maana alipomwambia Amiri hapana, ilikuwa ni hapana.

"Basi sawa, mama," akasema Amiri.

Kuna sawa ya kukubali, na kuna sawa ambayo watoto wakubwa wanawapa wazee ili wanyamaze. Bi Mwanamvua aliisikia ni ipi, lakini wiki ile alikuwa na safari.

Alikwenda hospitali ya Mvumi kutolewa mtoto wa jicho. Salwa ndiye aliyempeleka, akalala naye huko siku tatu, akamsomea maelezo: usiiname, usibebe kizito, usitie maji, dawa ya matone mara nne kwa siku. Walipofika nyumbani Bi Mwanamvua alikuwa bado amefunikwa jicho kwa kikombe cha plastiki. Pale getini akanyanyua pua.

"Mbona kunanuka saruji?"

Salwa alikuwa ameshaona. Bibi akakivuta kile kikombe mwenyewe, na jicho jipya, lililokuwa limekaa gizani miaka miwili, likafungukia kwenye uwanja wote umepigwa pevingi nyekundu na kijivu, umenyooka kama meza, na katikati hakuna kitu.

Mpangaji wake Dorothea, Mgogo mwenye kukaanga mihogo pale nje, alikuja mbio anajifuta mikono kwenye kanga.

"Bibi, mimi nilimwambia baba Salwa. Nikamwambia, baba, msubiri mwenyewe. Akasema mti umekufa, bibi hata hatauona."

"Hatauona," akarudia Bi Mwanamvua. "Uko wapi?"

Ulikuwa nyuma ya choo, umerundikwa ukisubiri kigari cha taka. Meshack alikuwa ameung'oa na shina, akakatakata matawi kwa panga, na panga lenyewe lilikuwa bado pale limeganda utomvu. Salwa akaanza kulia, akatoa simu ampigie baba yake. Bibi yake akamshika mkono.

"Weka hiyo. Mwari hagombani wiki za harusi. Niletee kigoda na jivu."

"Bibi, daktari kasema usiiname."

"Siinami. Nakaa."

Akakaa. Akavuta tawi moja moja, akalitazama kwa jicho jipya, akalipunguza pale panga lilipochana vibaya, akapaka jivu kwenye kidonda, akampa Salwa akaliegemeze ukutani upande wa kivuli. Alipomaliza yalikuwa sitini na tatu. Unajua, msanapichi haupandwi siku unayoukata. Ukiuzika na kidonda kibichi unaoza, unanuka kama samaki. Lazima ulale, ukauke, usahau kwamba umekatwa. Wiki mbili, tatu. Watu wasiojua hupanda siku ileile, wanamwagilia asubuhi na jioni kwa huruma, halafu wanasema mti una mashetani. Kwa hiyo pale nyuma ya choo Bi Mwanamvua alielewa jambo ambalo mwanawe hakulielewa. Alikuwa na mti mmoja. Amiri, kwa gharama zake mwenyewe, kwa fundi wake mwenyewe, na katika msimu unaofaa hasa, alikuwa amemkatia vipando sitini na tatu.

Jioni Amiri alikuja na mfuko wa machungwa. Akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo mama. Pole na jicho."

"Marahaba. Jicho halina pole, linaona. Ulisema sawa."

"Mama, ulikuwa umekufa."

"Usinitie ujinga, Amiri. Ulinisubiri niende hospitali. Shemeji zangu walinitaka niondoke, lakini wao walinitazama usoni wakaniambia."

Hilo lilimwingia. Akaweka machungwa chini, akaanza maneno ya ofisini: kwamba amefikiria picha kubwa, kwamba baada ya harusi atamletea miche ya kisasa kutoka kwenye bustani za barabarani, yenye maua ya kila rangi, ndani ya vyungu, hata vya vigae akitaka.

"Sitaki chungu. Nataka pevingi tisa zitoke pale katikati. Harusi itakuwa hapa, na mti utakuwa hapa. Wewe ndiye utakayeamua kama utakuwepo."

"Siwezi kutoboa uwanja niliouweka juzi!"

"Basi usitoboe."

Wiki mbili matawi yale yaliegemea ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Kila anayepita alidhani ni kuni. Dorothea mwenyewe, siku moja mkaa ulipomwishia, alichukua mawili akayatia jikoni. Hayakuwaka. Yalitoa moshi, yakatoa povu, yakafuka mpaka wateja wa mihogo wakahama na machozi yao. Akayarudisha ameyashika kwa ncha.

"Bibi, kuni gani hizi? Zimenifukuzia watu!"

"Sio kuni. Shika adabu, umechoma watu waliolala."

"Nisamehe, bibi. Nilidhani yamekufa."

"Na wewe! Kila mtu mtaa huu ni daktari wa vifo." Akachukua chaki ya kushonea ya marehemu mumewe, akaandika ukutani kwa herufi kubwa zilizopanda mlima: SIO KUNI. Yalibaki sitini na moja.

Katikati ya mwezi wa nane akampeleka Salwa kwenye vibanda vya gereji kukusanya ndoo za rangi na madumu yaliyotoboka. Mchanga hakuutafuta mbali, maana Meshack aliacha lundo zima la mchanga wa korongoni pembeni ya geti, mali ya Amiri. Akachanganya na udongo mwekundu na samadi kidogo ya mbuzi, kidogo sana, mti huu haupendi kudekezwa. Akapanda sitini. Kila dumu akalitia kikombe kimoja cha maji, akamkataza Dorothea asiongeze hata tone.

Tawi la sitini na moja lilikuwa kubwa kuliko yote, nene kama paja, refu kama yeye. Akamwita Meshack.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ulipanga wewe, utapangua wewe. Pevingi tisa."

Meshack akakuna kichwa. Akasema bibi, mimi kibarua, mzee Amiri ndiye aliyenipa kazi, akijua nitaambiwa nini? Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba ule mti ulimtia upele mikono yote miwili na mpaka leo anaota anaukata.

"Utaendelea kuota," akasema Bi Mwanamvua. "Niachie mtarimbo, uende zako. Hujaniona."

Mtarimbo aliuacha. Na asubuhi ile, mzee wa miaka sabini na nne, akiwa ameketi chini kwenye kanga kwa sababu daktari alikataza kuinama, hakukataza kuketi, aling'oa pevingi ya kwanza. Hiyo ndiyo ngumu. Ikishatoka moja, nyingine zinalegea kama meno ya mtoto. Salwa alichimba, akaharibu hina aliyokuwa ameijaribisha mikononi, na chini ya mchanga walikuta mizizi ya zamani, minene, bado imelowana maziwa. Wakalisimamisha tawi, wakalifunga kwenye nondo tatu upepo usilitikise, maana likitikiswa mizizi haishiki. Zile pevingi tisa Bi Mwanamvua akazipanga kuzunguka shimo, vizuri kabisa, kama fundi.

Amiri alipofika akasimama getini hajafunga hata mlango wa gari.

"Mama! Umesimamisha fimbo!"

"Nimesimamisha mti."

"Haina jani hata moja. Wakwe wakiuliza hii ni nini, niwaambie nini?"

"Waambie waniulize mimi. Nipo, sijafa, ingawa siku hizi kwako mtu akikaa kimya kidogo unamletea panga."

Akaondoka bila kuaga. Wiki tatu hakuja, akawa anatuma watu. Akamtuma shehe amsemeshe. Shehe akanywa chai, akautazama mti, akasema hajaona mahali ulipokatazwa, akaomba dumu moja la nyumbani kwake. Amiri akamtuma dada yake. Dada yake aliondoka na mawili. Bi Mwanamvua hakubembeleza mtu. Kila asubuhi alitoa kigoda, akakiweka pembeni ya ile fimbo, akafanya kazi zake zote pale, kuchambua, kumenya, kusali Dhuha, ili mtu akitaka kuing'oa aanze na yeye. Majirani walimcheka. Walisema Bi Mvua analinda nguzo ya umeme isiyo na waya. Aliwasikia vizuri. Mwezi wa kumi unaingia, ncha ya ile fimbo ilitoa kitu kidogo cha kijani, kimekunjwa, kama ulimi wa mjusi. Hakumwita mtu aje kuona. Alikula chakula chake akakitazama.

Siku ya harusi watu wa tenti walikuja mapema, vijana wanne na mabomba yao, wakapima, wakakuna vichwa. Nguzo ya katikati inataka kukaa palepale. Kiongozi wao akamfuata Amiri, aliyekuwa ametoka kwenye gari na kanzu yake begani bado ina mikunjo.

"Mzee, hiki kijiti tunakichomoa dakika moja tu. Tukimaliza kesho tunakirudisha."

Bi Mwanamvua alikuwa kwenye kigoda, ameshavaa gauni lake la sherehe na kilemba kipya. Hakunyanyuka. Alimtazama mwanawe kwa macho yake mawili, na uwanja mzima ukamgeukia Amiri, Dorothea na mwiko wake wa pilau, Salwa dirishani na hina mpaka kwenye viwiko, mashangazi kwenye mikeka. Wote walijua kinachoulizwa, na wote walijua hakihusu nguzo.

Amiri aliitazama ile fimbo. Akauona ule ulimi wa kijani kule juu.

"Acheni," akasema. "Ni wa mama. Sogezeni tenti."

"Mzee, tukisogeza, upande mmoja utakosa kivuli."

"Nimesema sogezeni. Watakaa juani."

Bi Mwanamvua hakumshukuru. Unamshukuruje mtu kwa kukuachia kilicho chako? Alimwambia tu akavae kanzu yake, saa zinakwenda, na ainyooshe ile mikunjo, asije akamtia aibu.

Wakwe walifika saa nane, magari matatu. Mama yake bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye dhahabu masikioni, aliingia akasimama mbele ya mti, akashika shavu.

"Ee! Msanapichi? Kwetu Tanga huu tunaupanda makaburini, bibi."

"Karibu sana, mwanangu," akasema Bi Mwanamvua, kwa sauti ya kusikiwa mpaka jikoni. "Kwetu sisi tunaupanda mlangoni. Bibi harusi yuko ndani, na njia ndiyo hii. Unapita au unarudi?"

Yule mwanamke alimtazama. Akautazama mti, akaitazama njia. Akakusanya mkia wa buibui lake usishikwe na nondo, akapita ubavuni mwa mti.